Mpeasi wa Kapteni

Mji wa Whitcomb ulianzishwa na Kapteni Elias Whitcomb, na asiyeamini atembee mjini saa moja tu, maana jina lake limebandikwa kwenye kila kitu kisichoweza kukimbia: shule, daraja, benki, hospitali ya mbwa, na kilima kimoja ambacho kwa kweli si kilima, ni taka zilizofukiwa zikaota majani. Historia yenyewe haina utata. Kapteni alifika kwenye mlango wa mto unaoingia ziwani mwezi wa Septemba, akakuta nyumba ya magogo yenye baraza, ghala mbili, kinu cha kusagia, zizi la ng'ombe, banda la kuku na mpeasi uliojaa matunda. Akatazama huku na huku, akasema, "Hapa hapana mtu." Akaanzisha mji.

Kusema kweli, mtu alikuwapo. Aliitwa Narcisse Bonamy, mtu mweusi mzaliwa wa Léogâne, aliyeondoka Haiti kabla Haiti haijaitwa Haiti. Alikuwa ameishi pale miaka ishirini na ushee pamoja na mkewe wa taifa la wenyeji wa ziwa lile, akisaga unga, akinunua ngozi, akilea watoto. Ndiye aliyemfungulia Kapteni mlango na kumpa supu ya moto. Lakini kumfungulia mtu mlango si kuanzisha mji, hiyo ni kazi ya bawabu. Chicago, majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, walikwisha kumkiri Mhaiti wao, Point du Sable, wakampa daraja na barabara. Imewachukua karne mbili tu, na ni watu wenye haraka wale. Sisi Whitcomb hatukurupuki. Tulimpa Bonamy ghorofa ya chini ya maegesho ya magari nyuma ya soko. Ghorofa ya juu yake inaitwa Whitcomb, na juu kabisa ni paa.

Selimène Dorvil alikuwa amekaa katika mji huu miaka zaidi ya thelathini. Alifanya kazi katika nyumba ya wazee, akiwaogesha na kuwalisha wajukuu wa Kapteni. Kila mzee mle ndani alikuwa mjukuu wa Kapteni. Kama wote walisema kweli, basi Kapteni hakupata hata nafasi ya kuanzisha mji, alikuwa na shughuli nyingine. Selimène aliwasikiliza, akawafuta midomo, akawaambia, "Haya baba, meza, usimwaibishe babu yako."

Alikuwa na mtoto mmoja, Magdala. Magdala alisoma hapa, akafanikiwa hapa, na sasa alikuwa katibu wa Kamati ya Jubilei ya Miaka Mia Mbili, ana kadi shingoni iliyoandikwa "Maggie". Alikuwa na mimba yake ya kwanza. Selimène alijivunia kadi ile na kuichukia kwa pamoja, na alipokuwa peke yake jikoni aliita "Mag-da-la" kwa sauti, jina likapata kunyoosha miguu.

Jumapili moja mwezi wa Julai Magdala alikuja kula. Mama yake alikuwa amepika supu ya boga, ile ambayo Wahaiti hunywa Mwaka Mpya kuukumbuka uhuru, ila Selimène aliupenda uhuru wake kila Jumapili. Magdala alikunywa bakuli zima ndipo akasema, akitazama kijiko:

"Kamati imepitisha sanamu."

"Ya nani?" aliuliza Selimène, kana kwamba alihitaji kuuliza.

"Ya Kapteni. Ya shaba. Amepiga goti, anapanda mpeasi."

"Vizuri. Ataugusa udongo kwa mara ya kwanza."

"Mama, usianze."

"Nimeanza nini? Wataiweka wapi?"

Magdala akaweka kijiko chini. "Pale pale bustanini. Kwenye mpeasi."

"Kando ya mpeasi."

"Si kando, mama. Mahali pa mpeasi. Mti utaondolewa, kwa sababu unaziba sanamu."

Selimène akabaki na upawa hewani. Watu wa mji huu wameshafanya mengi, lakini kuukata mti ili wasimamishe sanamu ya mtu anayeupanda mti huo huo, hilo lilihitaji kamati nzima.

"Wataukata?"

"Mti umezeeka, mama. Mtaalamu amesema una uvungu ndani, na peasi zake siku hizi hazina hata ladha."

"Na mimi nimezeeka, na sizai tena. Nijifungie ndani wakija na msumeno?"

"Lakini ni mti tu! Kwa nini unauonea uchungu hivyo?"

Selimène alifungua mdomo, kisha akaujaza mkate.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kwao, mtoto akizaliwa, kitovu chake huzikwa na juu yake hupandwa mti wa matunda. Mti ule ni wa mtoto yule. Ukistawi, naye ana pa kusimama duniani, na ukikatwa, mwenyewe hutangatanga. Selimène hakuhitaji kuhadithiwa. Mti wake yeye ulikuwa mshelisheli nyuma ya nyumba ya bibi yake, milimani juu ya mji wa Jérémie, Haiti. Alipokuwa msichana mjomba wake aliukata akachoma makaa, na tangu hapo Selimène hakutulia: Port-au-Prince, Nassau, Miami, hadi huku kwenye barafu, akihama kama paka aliyechomwa mkia. Mjomba aliuza makaa yale akanunua redio. Redio nayo ikaharibika.

Magdala alizaliwa mwezi wa Februari, Selimène akikaa chumba cha kupanga ghorofa ya nne, hana udongo hata wa kujaza kikombe. Alikihifadhi kitovu cha mwanawe katika kopo la kahawa hadi barafu ilipoyeyuka, kisha asubuhi moja akashuka bustanini kando ya mto na kijiko cha jikoni, kuutafuta mti uliosemekana ni wa Kapteni. Akautazama. Ulikuwa mpeasi mmoja peke yake, hatua chache kutoka kwenye jiwe la kizingiti ambalo ndilo pekee lililosalia la nyumba ya magogo. Akacheka. Mtu akitaka peasi za kuuza hupanda safu. Akipanda mmoja tu, karibu na mlango, huyo amezaliwa mtoto. Bonamy hakuwahi kuonana na Selimène, lakini walisalimiana asubuhi ile, na kijiko cha jikoni kikafanya kazi yake.

Hakumwambia Magdala. Alingoja akue. Magdala akakua akawa msichana anayefunga mkoba wake kwa zipu mara mbili ili wenzake wasisikie harufu ya chakula cha kwao, na Selimène akaona huu si wakati. Kila mwaka shule zote za mji huigiza Kufika kwa Kapteni: watoto wenye kofia za karatasi hushuka kwenye mashua ya maboksi, Kapteni hupanda mbegu, kisha katika onyesho lile lile, kabla pazia halijafungwa, wote hula peasi za mti ule. Imeigizwa hivyo tangu zamani, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kuuliza ni mbolea gani ile. Magdala alipofika darasa la tatu alipewa naye nafasi ya kuigiza. Alikuwa mti. Alisimama nyuma kabisa, mikono juu, hana la kusema, na watoto wakamchuma. Selimène alikaa kiti cha mbele akilia, na mama mmoja jirani yake akamshika bega akamwambia, "Mwanao ni mti mzuri sana." Hakujua alisema nini.

Sasa mti wenyewe ulikuwa unangoja msumeno, na mwenye mti ndiye aliyepiga chapa barua ya kukodi msumeno.

Kamati haikuwa na roho mbaya. Iliwapa Wahaiti wa mji dakika mbili za kusema katika mkutano wa hadhara, na ikawaomba walete "kile chakula chenu kitamu, ila kisiwe kikali". Chama cha Wahaiti kikakutana katika chumba kilicho chini ya kanisa kujadili dakika mbili zile, na kikazijadili kwa saa tatu.

Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Anténor Casséus, mstaafu, mtu wa tai shingoni hata akienda kutupa taka. Alikuwa ameandaa hotuba. Ilianza na Kolombo.

"Mwalimu," alisema Selimène, "dakika mbili zitakwisha Kolombo hajashuka melini."

"Madam Dorvil, historia ina utaratibu wake."

"Na msumeno una wake. Mimi nasema tuombe jambo moja: mti usikatwe. Basi."

Watu wakageuka. Dada Ilioméne, mzee wa kanisa, mwanamke mwenye kofia kubwa na dhambi ndogo, akavuta pumzi mpaka viti vikasikia.

"Mti! Dada Selimène, sisi tumekuja kudai jina la Bonamy liandikwe kwenye jiwe. Hatukuja kuabudu miti. Mambo hayo ya gizani tuliyaacha ng'ambo ya bahari."

"Nani ameabudu? Nimesema usikatwe."

"Unaanzia kutokatwa, unaishia kuumwagia pombe."

Selimène akamtazama Clausèle, msusi, shoga yake, mtu asiyepitwa na ugomvi hata wa paka. Clausèle alikuwa anazichunguza kucha zake kana kwamba kaziazima. Wanawake wengine nao wakaona sakafu ina jambo la kusoma.

"Haya," alisema Selimène. "Someni hotuba. Kapteni atafurahi."

Akatoka hasira zimempanda, na njiani akajilaumu. Angesema ukweli, wangemcheka: mwanamke mzima, mkristo, anaogesha wazee wa watu kwa sabuni ya hospitali, anazika vitovu kwenye bustani ya serikali kama mwizi. Haya ilimshika mdomo. Uchungu ukamshika kwingine kote.

Siku ya mkutano ukumbi wa mji ulijaa. Mezani, mbele, alikaa mwenyekiti wa kamati, Bwana Bradford Tuttle, mjukuu wa Kapteni, kulia kwake mwanasheria wa mji, kushoto kwake Magdala na tumbo lake, saa ya mezani na kengele. Kazi ya Magdala ilikuwa kuigonga kengele dakika mbili za msemaji zikiisha, na kipaza sauti kingezimwa. Mtu wa klabu ya uvuvi aliongea, kengele. Mtu wa klabu ya bustani aliusifu mti, akausikitikia, akakubali ukatwe, kengele. Nyuma ya ukumbi griyo, nyama ya nguruwe ya kukaanga, na ndizi za kubonyezwa vilipoa katika masinia, na wajumbe wa kamati walizidi kugeuka kuvitazama.

"Chama cha Wahaiti," alisema Bwana Tuttle.

Mwalimu Anténor alipanda, akakohoa, akakunjua karatasi. Sasa, Mhaiti aliyesoma hawezi kuanza hotuba bila salamu, na salamu zina ngazi zake, na anayeruka ngazi hana malezi. "Mheshimiwa Meya," alisema. "Waheshimiwa wajumbe wa kamati. Mheshimiwa Balozi mdogo, ambaye hakuweza kufika. Mheshimiwa naibu wa balozi mdogo, ambaye pia hakuweza kufika. Viongozi wa dini. Wawakilishi wa vyombo vya habari." Magdala akatazama saa. "Walimu. Wazazi. Vijana, ambao ni tumaini la kesho. Marehemu wetu, ambao wako nasi kiroho…"

Alikuwa hajamaliza marehemu, Selimène alipomfikia. Hakumsukuma, ingawa wapo wanaosema alimsukuma. Alikishika tu kipaza sauti, na Mwalimu akaona heri akiachie kuliko kugombana na mwanamke mbele ya waheshimiwa aliokwisha kuwasalimu.

"Mti ule msiukate," alisema Selimène. "Una mwenyewe."

Bwana Tuttle akatabasamu kwa upole, tabasamu lile la kumwonyesha mgeni choo kilipo. "Mama, sote tunajua mwenyewe. Babu yangu, Kapteni Whitcomb."

"Babu yako alikuja Septemba, na wiki ile ile akala peasi zake. Wewe umewahi kupanda kitu, Bwana Tuttle? Hata kitunguu?"

Kicheko kikapita nyuma, karibu na masinia.

"Mti ule aliupanda Bonamy siku aliyozaliwa mwanawe. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Tunazika kitovu, tunapanda mti."

"Una ushahidi wowote, mama?" aliuliza Bwana Tuttle, maana wajukuu wa Kapteni ni watu wa ushahidi.

Selimène alitazama saa. Muda ulikuwa umebaki kiduchu. Alimtazama Magdala, ambaye macho yake yalikuwa yakimwomba ashuke, tafadhali, kwa jina la Mungu, ashuke. Na Selimène akaona kwamba haya aliyoibeba miaka yote ile ilikuwa nzito kuliko aibu yoyote ambayo ukumbi ule ungeweza kumpa.

"Ushahidi ninao. Na mimi nimezika pale. Kitovu cha mwanangu kipo chini ya mti ule. Mwanangu mwenyewe ni huyo hapo, mwenye kengele."

Magdala aligeuka rangi. Kama angeweza kuingia ndani ya kengele ile akajifunika, angeingia. Saa ikafika, taa nyekundu ya saa ikawaka, mkono wake ukanyanyuka.

"Na mimi," ilisema sauti katikati ya ukumbi. Alikuwa Clausèle, amesimama, ameshika mkoba mbele kama ngao. "Na mimi wanangu wawili. Upande wa barabara."

"Upande wa barabara?" Mwanamke mwingine akainuka safu ya nyuma. "Upande wa barabara ni wangu mimi!"

"Wako ulikuwa wapi, shoga? Mimi sikuona kitu."

"Ndiyo maana nilikuta udongo umechimbuliwa! Nikasema ni mbwa!"

"Mbwa mwenyewe!"

"Tulizeni sauti, jamani, mimi wangu wako upande wa ziwa na sikugombana na mtu."

Wakainuka mmoja mmoja, mafundi cherehani, wapishi, wauguzi, mwanamke aliyestaafu ukarani wa posta. Kila mmoja kwa siri yake alikuwa ameteremka bustanini asubuhi moja ya maisha yake na kijiko, au mwiko, au kisu cha siagi, na kila mmoja alikuwa ametazama huku na huku na kusema moyoni, hapa hapana mtu. Kumbe Kapteni hakuwa peke yake katika upumbavu ule. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wameacha kitu udongoni.

Wa mwisho kusimama alikuwa Dada Ilioméne. Aliirekebisha kofia yake kwanza.

"Wanne," alisema. "Na Bwana anisamehe, chake yule wa mwisho nilikizika Jumapili, kabla ya ibada."

Mwanasheria wa mji alikuwa ameacha kuandika. Alimwinamia Bwana Tuttle sikioni, na kwa kuwa kipaza sauti cha meza hakikuzimwa, ukumbi mzima ukasikia: kukata hapana, kuchimba hapana, kugusa hapana, si mpaka jimbo lituambie kama haya ni mabaki ya binadamu.

"Mama," alisema Bwana Tuttle, na sauti yake ilikuwa imepoteza babu. "Unataka kuniambia kwamba katika bustani ya mji kuna mabaki ya watu?"

"Mabaki gani? Watu wenyewe wazima. Mmoja umekaa naye hapo."

Sasa kila mtu alimtazama Magdala. Mkono wake bado ulikuwa juu ya kengele. Aliushusha polepole, ukapita kengele, ukatua juu ya tumbo.

"Mama," alisema, kwa Kikreoli, ambacho hakuwahi kukizungumza katika jengo lile. "Mimi niko upande gani?"

"Karibu na jiwe la mlango," alisema Selimène. "Pale pale alipotokea yeye asubuhi kumtazama mtoto wake."

Magdala akaitikia kwa kichwa taratibu. "Katika ule mchezo wa shule," alisema, "nilikuwa mti."

"Ulikuwa mti," alisema mama yake, na machozi yakamtoka mbele ya waheshimiwa wote, waliofika na wasiofika.

Kengele haikupigwa. Wako wanaosema dakika mbili zile za Wahaiti hazijaisha mpaka leo.

Basi haki ikatendeka, kwa jinsi inavyotendeka Whitcomb. Jina la Bonamy lilikuwa limeombwa kwa hoja, kwa historia, kwa Kifaransa safi, likakataliwa miaka yote. Lakini kitovu kikavu kikaitetemesha kamati nzima. Jimbo lilijibu kwa barua ndefu ambayo hakuna aliyeielewa, na kwa kuwa hakuna aliyeielewa, hakuna aliyethubutu kugusa mti. Shaba ya sanamu ilikuwa imekwisha kuyeyushwa na kumiminwa, na shaba hairudi kwenye chungu kwa kubembelezwa. Ikatafutiwa mahali. Mahali pekee palipopatikana ni juu ya paa la maegesho nyuma ya soko. Kapteni amepiga goti huko hadi leo, anapanda mpeasi kwenye zege, na Bonamy yuko ghorofa ya chini, amembeba. Hakuna kilichobadilika kati yao.

Na mti uliwekewa kibao, ili Wahaiti nao wapate kitu. Magdala ndiye aliyekisoma wa kwanza, maana kililetwa ofisini kwake kimekwisha kuchongwa. Kilisema: *Mpeasi wa Kapteni. Kwa hisani ya mji, mti huu wa mwanzilishi wetu unapendwa pia na akina mama wa Kihaiti.* Siku ile aliivua kadi yenye jina "Maggie", akaitia kwenye droo, akafika kwa mama yake bila kupiga hodi.

"Pia! Wameandika *pia*, mama! Baada ya yote yale!"

"Kaa, utamzaa huyo mtoto ngazini."

"Huna hasira?"

"Ninazo, na nitakufa nazo. Kunywa supu."

"Nitakwenda nikaking'oe kibao hicho."

"Kibao kitaoza chenyewe, mbao ile ni ya bei rahisi. Wewe ngoja Aprili."

Mtoto alizaliwa mwezi wa Novemba, msichana, akaitwa Narcissa, na baba yake aliyependekeza Emily akapewa nafasi ya jina la pili. Kitovu chake kilikaa katika kopo la kahawa msimu wote wa baridi, juu ya jokofu, mahali pa heshima. Aprili barafu ilipolegea, Selimène na Magdala walishuka bustanini, mtoto mgongoni. Hawakwenda alfajiri. Walikwenda saa sita mchana, wamevaa nguo za kanisani, na hawakubeba kijiko. Walibeba sepetu.

Kwenye mzizi wa mpeasi mzee, kando ya jiwe la mlango, palikuwa pamechipua chipukizi. Selimène alilitenga na mzizi wake, Magdala akachimba shimo hatua kadhaa mbele, kitovu kikaingia, mti ukaingia. Walikuwa wanafukia ndipo mlinzi wa bustani alipokuja mbio, mshipi wa suruali unamkatika.

"Mama! Mama! Hairuhusiwi kupanda hapa! Nani aliyewapa kibali?"

Selimène aliendelea kushindilia udongo kwa kiatu chake kizuri. Magdala alinyoosha mgongo, akamfuta mtoto udongo shavuni, akamtazama mlinzi bila haya yoyote.

"Usihangaike, kaka," alisema. "Mti ukizaa, mtasema aliupanda Kapteni."